Mazoezi ya nini kama hakuna mechi?

Ni swali la mwezi Julai. UMITASHUMTA na UMISSETA zimepita, waliochaguliwa kwenda mkoani na taifani wamekwenda na kurudi, na waliobaki, ambao ndio wengi, bado wanatoka nyumbani saa kumi jioni na viatu vyao kwenye mfuko. Mama anataka maji yachotwe. Baba anaangalia soli iliyoachia na kupiga hesabu ya fundi. Mtoto akiulizwa Jumamosi wanacheza na nani, anaangalia chini. Hapo ndipo swali linapotoka: sasa mazoezi ya nini kama hakuna mechi?

Nimelisikia Kahama, nimelisikia Katoro, na hapa Shinyanga mjini ni swali la kila siku. Wala si la kipuuzi. Muda wa mtoto una kazi nyingine, viatu vina bei, na timu isiyo na ligi inaonekana kama basi lililowasha injini stendi bila kujua linakwenda wapi. Wengi humalizia kwa kumzuia mtoto. Mimi ninaandika habari za afya, si za michezo, lakini wiki hii naomba tuziongelee timu za namna hiyo, kwa sababu yanayompata mtoto baada ya kuzuiwa mara nyingi hurudi kwangu yakiwa habari za afya.

Nianze mbali kidogo, na mchezo ambao wengi wetu tumeuona kwenye televisheni tu.

Nairobi, kwenye jengo la Hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, kuna uwanja wa barafu uliofunguliwa mwaka 2005. Ni mdogo kuliko uwanja kamili wa hoki ya barafu, ambao una urefu wa mita 60. Hoki hiyo huchezwa na watu sita kila upande, wamevaa viatu vyenye chuma chembamba chini, wakigombea kisahani kigumu cha mpira kwa fimbo. Mwanzoni waliocheza pale walikuwa zaidi wageni, Wamarekani na Wakanada wanaoishi Nairobi. Baadaye vijana wa Kenya wakaingia, baadhi yao wakiwa wamejifunzia kwenye viatu vya magurudumu, juu ya lami. Wakaunda timu, wakaiita Ice Lions, yaani simba wa barafu.

Tatizo likawa moja. Hapakuwa na timu ya kucheza nayo. Wangefunga safari kwenda wapi? Kwa hiyo wakafanya wanachofanya watoto wa mtaa wowote: wakajigawa wenyewe nusu kwa nusu na kucheza. Wiki hii uko nami, wiki ijayo uko dhidi yangu. Mwaka 2018 kampuni ya kahawa ya Canada, Tim Hortons, iliwasafirisha baadhi yao hadi Canada kucheza mechi dhidi ya timu nyingine, na nyota wawili wa mchezo huo, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, wakavaa jezi na kuingia uwanjani upande wao. Kampuni ilikuwa inatengeneza tangazo, tusijidanganye, lakini vijana wale walipofika hawakuwa wanajifunza kusimama kwenye barafu. Walikuwa tayari wachezaji. Mwaka 2024 Kenya ikapokelewa kuwa mwanachama wa shirikisho la dunia la hoki ya barafu, uwanja ukiwa na miaka 19.

Utasema hiyo ni shida ya Afrika, barafu si yetu. Basi twende kwa wenye barafu yao.

Marekani timu za vyuo hupangwa katika ligi za kanda. Ligi ndiyo inayotoa ratiba, na bingwa wake anapata moja kwa moja nafasi kwenye mashindano ya taifa yenye timu 16. Chuo kisicho na ligi hakina ratiba wala nafasi ya bure. Kocha anashika simu na kuomba mechi, moja moja. Wanaokubali wengi wanataka wewe uende kwao. Na ikifika Februari wote wako bize na ligi zao, wewe unabaki na kalenda nyeupe.

Mwaka 2021 chuo cha Alaska Fairbanks kilijikuta hapo baada ya vyuo saba kujitoa kwenye ligi yake na kuanzisha nyingine. Hakikufanya kosa lolote. Wenzake waliondoka tu, na chenyewe kiko kaskazini kabisa, ambako kila safari ya kwenda kucheza ni ya ndege. Arizona State nacho, chuo cha jangwani ambako joto la kiangazi linaweza kulifanya la Shinyanga lionekane la adabu, kilianza hoki ya ngazi ya juu mwaka 2015 na hakikuwa na ligi hadi 2024. Msimu wa 2020/21, wakati wa korona, kilicheza mechi zake zote ugenini. Hata mmoja nyumbani haukuwepo. Lakini kabla ya hapo, mwaka 2019, kilikuwa kimefuzu kwenye zile timu 16, timu ya kwanza isiyo na ligi kufanya hivyo tangu 1992.

Nilichokipenda katika habari za timu hizi si kufuzu. Ni jinsi wanavyopanga. Vyuo vya Marekani vina desturi ya kusafiri mara moja na kucheza mara mbili na mpinzani yuleyule, Ijumaa na Jumamosi, ndipo mnarudi. Timu inayopata wapinzani wachache inatoa mechi nyingi kwa nauli chache. Hilo jambo mzazi wa Kishapu analielewa bila kufafanuliwa.

Na kwa kweli Usukumani hatukuhitaji kwenda Marekani kujifunza hilo. Babu zetu walikuwa na Bagika na Bagalu. Baada ya mavuno vyama hivyo viwili vya ngoma hushindana, kila kimoja na uwanja wake, na watazamaji huhama kutoka huku kwenda kule kufuata penye raha. Mwenye watu wengi ndiye mshindi. Kisesa, Mwanza, pale Bujora, bado watu hukusanyika kila Juni kwenye sikukuu ya Bulabo kuona mashindano hayo. Vyama viwili tu, vinavyojuana, vyenye msimu unaojulikana. Hakuna aliyewahi kumwambia mcheza ngoma wa Bagika aache mazoezi kwa sababu hakuna ligi ya ngoma. Bagalu walikuwepo ng'ambo, ikatosha.

Kwa hiyo mzazi, kabla hujamzuia mtoto, jiulize kama timu yake imekosa ligi au imekosa mpinzani mmoja na siku moja. Ligi hutaweza kuipata, hiyo ni kazi ya vyama na bajeti. Mpinzani mmoja unaweza.

Tuongelee afya sasa, maana ndiyo iliyonileta. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate angalau dakika 60 za mwendo wa kutoa jasho kila siku, na siku tatu kwa wiki ziwe za kukimbia na kuruka ili mifupa iwe imara. Takwimu zake zilizochapishwa mwaka 2019 zinaonyesha kwamba asilimia 81 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 duniani hawafikii kiwango hicho. Wasichana ni asilimia 85, wavulana 78. Mtoto wa kijijini anayechunga ng'ombe na kutembea kilomita kadhaa kwenda shule pengine anafikia bila kujijua. Ninayemhofia ni wa mjini, Kahama na Geita mjini, anayekwenda shule kwa bodaboda, anarudi kwa bodaboda, na jioni anakaa na simu ya mama. Kwa huyo, mazoezi ya saa kumi yanaweza kuwa dakika 60 pekee alizonazo. Ukiyakata kwa sababu hakuna mechi, umekata dakika zote.

Mwili wenyewe haujui kama kuna ligi. Moyo unapiga vilevile, usingizi wa usiku unakuja vilevile.

Kwa wasichana jambo ni gumu zaidi, na naomba akina baba msiruke aya hii. Mvulana asiye na timu ataokota mpira wa makaratasi na kupata kumi wa kucheza nao kabla jua halijazama. Msichana akiachishwa netiboli, mara nyingi ndiyo basi. Hakuna netiboli ya vichochoroni inayomsubiri, kuna vyombo na wadogo zake. Wengine huanza kukosa mazoezi siku chache kila mwezi, nyumbani wakadhani amechoka na mchezo, kumbe ni hedhi na hana pedi anayoiamini akiruka. Hilo linatatuliwa na mama au shangazi kwa mazungumzo ya dakika tano. Uwanja wa netiboli nao unahitaji nini? Nguzo mbili, ringi mbili ambazo fundi wa kuchomelea wa mtaani anazitengeneza, na ardhi iliyofagiwa.

Pengo kubwa kuliko yote liko kwa waliomaliza. Darasa la saba wanafanya mtihani Septemba na wanaingia kidato cha kwanza Januari. Kidato cha nne wanamaliza Novemba, na anayechaguliwa kidato cha tano anaanza Julai. Hesabu mwenyewe miezi. Hana shule, hana mwalimu wa michezo, UMISSETA si yake tena, klabu za wakubwa hazimtaki bado. Katika ukanda wetu huu, kijana wa miaka 16 asiye na saa kumi yake ana mahali panapomwita: karasha, duara, kusukuma toroli la mawe kwa ujira wa siku. Msichana naye ana wanaomwita, na mkoa wetu umeshatajwa sana kwa ndoa na mimba za utotoni, sina haja ya kurudia. Sisemi mpira unazuia yote hayo. Timu ni mahali ambapo kuna mtu anahesabu waliokuja, na asipoonekana siku mbili wenzake wanauliza. Miezi hiyo nyumbani hakuna mwingine anayehesabu.

Sasa namna ya kufanya. Kwanza igaweni timu iliyopo, kama wale wa Nairobi. Watoto 18 ni timu mbili za tisa. Changanyeni wakubwa na wadogo pande zote, wapeni majina, na msiruhusu waliozoeana kukaa upande mmoja kila wiki. Andikeni matokeo kwenye daftari. Inaonekana ya kitoto, lakini mtoto ambaye goli lake limeandikwa atakuja Jumamosi inayofuata.

Halafu tafuteni mpinzani mmoja ambaye nauli yake mnaimudu, mtaa wa pili au shule ya jirani. Asiende mtoto kuomba, aende mzazi pamoja na mwalimu wa michezo au kiongozi wa mtaa, kwa sababu mwalimu mkuu anayeombwa uwanja na mtu mzima hujua nani atawajibika dirisha likivunjika. Mkubaliane tarehe nne kwa mkupuo, mbili kwao na mbili kwenu. Mkiahidiana mechi moja tu, ya pili haitakuja, nimeliona hilo mara nyingi. Na pale ambapo ni mbali, tumieni ule utaratibu wa Marekani: safari moja, michezo miwili mifupi, asubuhi na kabla ya jioni, katikati watoto wakae kivulini na wale kitu. Maji kila mmoja na chupa yake. Joto la Shinyanga la Septemba na Oktoba si la kujaribia uvumilivu wa mtoto.

Stand United, kwa wasiojua au waliosahau, ilianzishwa na wapiga debe wa stendi ya mabasi ya hapa mjini. Mwaka 2014 ikapanda Ligi Kuu. Imeshashuka, najua, msinitumie ujumbe. Nimeitaja kwa sababu walioianzisha hawakuwa na ofisi.

Kuna jambo la kuwatahadharisha. Timu isiyo na ratiba huokotwa na yeyote mwenye mbuzi wa zawadi. Ndondo zina raha yake, na mimi huenda kutazama, lakini si mahali pa mtoto wa miaka 13. Mamluki wa miaka 25 wanaletwa kutoka machimboni, watu wameweka pesa, na mwamuzi anaogopa umati. Mtoto mwenye kilo 40 akigongana na mtu wa kilo 75, mbuzi hamsaidii. Wenye hoki, mchezo ambao kugongana ni sehemu yake, wenyewe walishtuka: mwaka 2011 chama cha hoki cha Marekani kilipiga marufuku kugongana kwa mwili kwa watoto wasiofika miaka 13. Kwenye soka, mwaka 2015 chama cha nchi hiyohiyo kiliwazuia watoto wa miaka 10 na chini kupiga mpira kwa kichwa. Mkikubaliana mechi na jirani, kubalianeni na umri pia.

Mtoto akigongwa kichwa akaonekana kaduwaa, anauliza swali lilelile, anayumba au anasema anaona ukungu, anatoka uwanjani na siku hiyo harudi, hata akilia kwamba yuko sawa. Hata kocha akisema. Siku zinazofuata apumzike, arudi kidogokidogo, na kama kituo cha afya kiko karibu aonwe. Ila akitapika mara kwa mara, kichwa kikazidi kuuma, akapata degedege, akasinzia kiasi cha kutoamka vizuri, mkono au mguu ukalegea, au mboni ya jicho moja ikawa kubwa kuliko nyingine, hiyo ni hospitali sasa hivi, msisubiri asubuhi. Hapa ndipo simu yenye salio na namba ya bodaboda mnayemwamini ni vifaa vya michezo kama mpira wenyewe.

Na kwa wa Geita, Nyarugusu, Katoro na kwingine kwenye wachimbaji wadogo: angalieni uwanja uko wapi. Eneo tambarare lililo wazi karibu na karasha linavutia kwa mpira, lakini udongo wake unaweza kuwa ni marudio, na marudio yanaweza kuwa na zebaki iliyotumika kukamatia dhahabu. Zebaki haionekani kwenye vumbi. Huathiri ubongo unaokua na figo, na mtoto anayekimbia na kuhema kwa mdomo wazi ndiye anayevuta vumbi jingi zaidi. Kama hakuna uwanja mwingine, bora wacheze wachache kwenye ua wa shule kuliko wengi pale. Wakirudi, nguo zifuliwe, mikono na miguu ioshwe kabla ya kula.

Kuna mzazi wa aina nyingine ambaye nusura nimsahau, yule ambaye mwanawe ana mechi nyingi mno. Anachezea shule, mtaa, kanisa na ndondo mbili, kwa kuwa ana kipaji na kila mtu anamtaka. Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri angalau siku moja au mbili za mapumziko kwa wiki, na kwa mwaka miezi miwili au mitatu mbali na mchezo huo mmoja. Goti linalouma kila jioni si uvivu. Mtoto wa namna hii anaihitaji kalenda kuliko asiye na mechi kabisa, na anayeweza kuwakatalia wakubwa wanaomtaka ni wewe.

Kama Jumamosi hii mnataka kuanza, mwendeeni mwalimu mkuu Alhamisi, kwa sababu Ijumaa mchana wengi wanakuwa wameshaondoka na ufunguo wa geti wanaondoka nao. Wiki ijayo nitaandika kuhusu kifundo cha mguu kilichoteguka: kwa nini kukikanda kwa maji ya moto jioni ileile ni kukiongezea uvimbe, na ni lini kinahitaji picha ya eksirei.